Sura ya Saba: Hina Iliyokomea Kifundoni

"Nikomee wapi?" Sumaiya aliniuliza, koni ya hina mkononi.

"Hapo hapo kifundoni," nikamjibu. "Usipite."

Alinikazia macho. Sumaiya ndiye fundi wa hina anayegombaniwa na mabibi harusi wote kuanzia Msambweni hadi Diani, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia akomee kifundoni. Bi harusi wa kwetu hupakwa maua yakampanda mguu mpaka magotini, na wanawake wa pande zote mbili wanaangalia, wanasifu, wanapiga vigelegele. Ilikuwa Alhamisi, saa nne za asubuhi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilikuwa niolewe na Swafwan. Chumba kilijaa moshi wa udi na wanawake wanaocheka, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, dera langu nimelivuta chini na kulikalia pande zote mbili, utadhani nimeficha mali ya wizi.

Na kweli nilikuwa nimeficha.

Nyayo zangu ni nzuri. Nalisema hilo bila haya kwa sababu kuanzia kiunoni kwenda chini sina kingine cha kujivunia. Ni ndogo, nyembamba, za kutiwa pete za vidole. Lakini ukivuka kifundo tu mguu unafura ghafla, mnene, laini, umejaa mabonde, kama suruali ya kitambaa kizito iliyofungwa kamba kwa chini. Yote miwili sawasawa. Ilianza nilipovunja ungo, na kwa miaka kumi na minne iliyofuata hakuna aliyeiona ila mama yangu na daktari mmoja mwanamke wa Mombasa.

Swafwan alizijua nyayo tu. Alikuja kutengeneza friji ya duka letu la samaki, akalala chali sakafuni na tochi mdomoni, na kitu cha kwanza alichokiona kwangu ni vidole vyangu ndani ya ndara. Akaitoa tochi mdomoni akaniambia, "Dada, mwenye nyayo kama hizi hakutakiwa kukanyaga magamba ya samaki." Nilicheka mpaka nikasahau kumuuliza bei. Tangu siku hiyo nikaanza kununua madera marefu zaidi. Alipokuwa akisifu nyayo zangu nilikuwa nikitabasamu na kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikokuja kuniumbua.

"Kifundoni?" aliuliza Shangazi Mwanafatuma, dada yake marehemu baba yake Swafwan. Alikuwa amekuja na wanawake saba wa upande wa bwana harusi kuleta begi: madera, viatu, manukato, na leso zilizokunjwa vizuri. Begi lilikuwa limewekwa katikati ya chumba, wazi, kila mtu alione. "Sisi kwetu Vanga hatujui hina ya kifundoni. Hiyo ni hina ya mgeni wa hotelini."

Wanawake wakacheka. Mama yangu, Bi Ummi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema haraka, "Kila mtu na apendavyo, dada yangu. Hata mimi nilipoolewa nilipakwa mikononi tu. Harufu ya hina hainikubali."

"Wewe ni wewe. Huyu ni mke wetu." Shangazi alijivuta mpaka karibu nami. "Hebu mwanangu, usione haya, sote humu ni wanawake."

"Shangazi, tafadhali. Nimezoea hivi."

"Umezoea? Kwani umeolewa mara ngapi?"

Kicheko kingine. Na katikati ya kicheko hicho, kwa utani tu, wallahi sidhani alikuwa na nia mbaya, alishika pindo la dera langu akalivuta juu.

Kicheko kilikatika. Nilisikia feni ikizunguka. Nilisikia mtoto wa jirani akiita kuku nje. Dera lilikuwa limefika magotini na miguu yangu ilikuwa pale kwenye mkeka, mbele ya macho ishirini na kitu, na alama nyeusi za kuvilia damu ambazo hunitokea hata nikigonga kiti kidogo tu.

"Auzubillahi," alisema Shangazi, akaliachia pindo. "Huyu ana matende."

"Si matende," nilisema.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Vanga. Matende nayajua tangu sijaota meno." Alisimama, akajikung'uta mikono kama aliyeshika kitu. Kisha akainama, akalifunga begi zipu yake, taratibu, mpaka mwisho. "Nyinyi tulieni hapa. Bi Hafswa lazima aambiwe kabla Swafwan wake hajatiwa kitanzini."

Ukitaka kujua aibu ni nini, usiulize watu waliotukanwa. Waulize walioona begi la harusi yao likibebwa kurudi lilikotoka, saa nne na nusu za asubuhi, mtaa mzima ukiwa barazani.

Wenzake wakamfuata, wa upande wetu nao wakajitoa mmoja mmoja, chumba kikabaki na watu watatu. Sumaiya alikuwa bado ameishika koni yake. Unyayo wangu wa kulia ulikuwa umepakwa ukakamilika, wa kushoto ulikuwa mtupu. Mama alikuja akanishusha dera, akanifunika kama mtoto mchanga.

"Mimi ndiye niliyekuponza," alisema. "Nilikuzaa na ugonjwa wangu."

Mama yangu ana miguu kama yangu. Maisha yake yote amevaa suruali ndani ya dera, na watu wakidhani ni uchaji. Kila mwaka watu wa afya walipopita na vidonge vya matende, alivimeza vyake na kunimezesha vyangu, tukingoja miguu ipungue. Haikupungua. Nilijinyima chakula mpaka uso ukanisinyaa na mabega yakatokeza mifupa, miguu ikabaki vile vile. Nilikunywa ndimu na tangawizi mpaka tumbo likanichoma. Watu walikuwa wakiniambia nile kidogo, na mimi nilikuwa nalala na njaa.

"Mama, nilikwambia alivyosema daktari."

"Uliniambia. Sikuamini. Jina lenyewe silijui kulitamka."

"Lipedema."

"Ndiyo hilo," alisema, akalia.

Simu yangu ililia mara sita. Ilikuwa ni Swafwan. Sikuipokea hata moja. Ningemwambia nini? Kwamba mke aliyemchagua kwa nyayo ana mengine juu yake?

Baada ya adhuhuri nikasikia pikipiki ikizimwa nje, kisha sauti ya kaka yangu Alamin, "Ingia barazani tu, shemeji. Nami nitakuwapo." Nikajitanda buibui nikatoka. Sikuwa na ujanja mwingine. Alamin alikaa kizingitini, akatugeuzia mgongo, akajifanya anasoma simu ambayo najua haikuwa na chaji.

Swafwan alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini Diani, fulana ina madoa ya mafuta ya mashine. Hakukaa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Kwamba nina matende? Hapana."

"Kwamba una kitu na hukuniambia."

Nikamtazama mara moja nikateremsha macho. "Hilo ni kweli."

"Miezi minane, Biasha." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kila mwezi ulikuwa ukivuka Likoni kwenda Mombasa. Ukaniambia unajifunza kushona kwa bibi mmoja. Wenzangu kazini wakawa wananicheka, wanasema mchumba wako ana mtu huko. Nikakutetea. Niligombana na mtu hasa, tukashikana mashati, kwa ajili ya cherehani ambayo haipo."

Sikujua hilo la kushikana mashati. Nilihisi uso unaniwaka mpaka masikioni.

"Nilikuwa nakwenda kliniki."

"Nimeshajua sasa. Mamako amemwambia Alamin, Alamin ameniambia mimi. Mimi niliyekuwa nikuoe kesho nimejua wa mwisho."

"Niliogopa utanihurumia."

"Ningekuhurumia, ndiyo. Kwani huruma ni matusi?"

Alijiegemeza kwenye nguzo ya baraza, akajifuta jasho kwa mkono, na macho yake yakashuka, bila kukusudia nadhani, yakaangukia nyayo zangu. Mmoja umejaa maua mekundu, mwingine mtupu. Aliyaondoa macho haraka. Nami nikazivuta nyayo ndani ya buibui, zile zile nilizokuwa nikizitembeza mbele yake kama bidhaa.

"Hebu nieleze," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Nikamweleza. Nilianza kwa kugugumia na nikamaliza nikiwa na hasira, sijui hasira za nani. Nilimwambia ni mafuta yanayojikusanya chini ya ngozi mahali yasipotakiwa, miguuni, pengine na mikononi, na hayasikii njaa wala mazoezi kama mafuta mengine. Kwamba karibu wote wanaoipata ni wanawake, na mara nyingi hurithiwa, mama kwa binti. Kwamba haiambukizi. Kwamba walinipima damu ya matende nikaonekana sina.

"Inauma?"

"Ikibonyezwa inauma. Jioni inakuwa mizito, kama nimefungiwa mchanga."

"Ile siku sanduku langu la spana lilipokugonga gotini dukani. Uliingia ndani hukutoka tena. Nikadhani umekasirika."

"Nilikuwa nalia chooni."

"Ya Rabi," alisema kwa sauti ya chini. Alamin pale kizingitini akakohoa.

"Dawa yake?" Swafwan aliuliza.

"Haina dawa ya kuimaliza. Mtu huishi nayo. Zile soksi nzito unazoziona ninaanika, nikakwambia za Alamin za mpira? Ni zangu. Ni za kubana, navaa mchana kutwa, na kwa joto hili letu najua mwenyewe ninavyokoma. Nafundishwa kujikanda, polepole, si ukandaji wa nguvu. Na kutembea majini, maji ya kifua, hiyo ndiyo inanisaidia kuliko yote. Ipo operesheni ya kunyonya hayo mafuta. Daktari amesema si kila mtu huihitaji, na haimaanishi umepona, bado utavaa soksi. Akasema tuanze na haya, tuone." Nilivuta pumzi. "Na ikiwa nitazaa binti, huenda naye akaipata. Sitaki uje uniambie hukujua."

Hayo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nimeyameza miezi minane. Yalipotoka nilihisi mwepesi na mtupu. Nilingoja aseme hajali, kama wanavyosema wanaume wanaopendwa.

"Siwezi kukwambia sijali," Swafwan alisema. "Nikisema hivyo nitakuwa muongo kama wewe. Nimeshtuka, Biasha. Nimeshtuka na bado nimekuja. Ujue yote mawili."

Nilimpenda pale kuliko siku zote, na sikuwa na haki ya kumwambia.

"Mama amesema hakuna harusi," akaendelea. "Yuko kwangu Ukunda, Shangazi amemjaza maneno, analia tangu saa tano. Siwezi kukuoa mamangu analia. Nami siwezi kumweleza kitu nilichokisikia leo. Nikimleta, utamweleza wewe?"

"Atataka kuona."

"Pengine."

"Swafwan, mimi nimeshaonwa leo mara moja. Inatosha."

Aliweka kofia ya pikipiki kichwani, akahangaika na kamba yake. "Leo hukuonwa. Leo ulifunuliwa. Sijui kwa wanawake ikoje, lakini kwangu mimi hayo si mamoja." Kisha akamuaga Alamin, na mimi hakuniaga.

Niliswali asri nikakaa kwenye mkeka ule ule. Sumaiya hakuwa ameondoka. Nilimwambia aende zake, akasema hina ikishachanganywa haibaki mpaka kesho, anangoja kujua aimwage au la. Alisema hivyo bila kuniangalia, akajifanya anafinya ncha ya koni.

Hatukusikia pikipiki. Tulisikia magurudumu ya begi yakikwaruza sakafu ya baraza. Bi Hafswa aliingia akiliburuta mwenyewe, mama mnene kiasi, macho mekundu, buibui lina vumbi. Nyuma yake hakuwapo Shangazi wala mtu mwingine.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alimsalimia mama yangu, akakataa kiti, akakaa mkekani mbele yangu. "Begi hili nimekuja nalo kwa sababu sipendi kitu changu kubebwa njiani na kurudishwa bila mimi kuulizwa. Ama litabaki hapa, ama nitaondoka nalo mwenyewe. Mwanangu ameniambia maneno mengi, mengine hajui maana yake. Nataka kuona."

Mama alianza kusema kitu. Bi Hafswa akainua kiganja. "Si kwa nguvu. Akitaka."

Mikono yangu ilikuwa imelishika pindo la dera, ndivyo ilivyozoea, kulivuta chini. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amekaa vile vile kama mimi, dera kalikalia pande zote mbili, na nikaona miaka yake yote hamsini na mbili amekaa hivyo, katika kila harusi na kila matanga. Nikalivuta juu. Nililivuta mwenyewe, mpaka magotini, na machozi yakanitoka kabla halijafika.

Bi Hafswa hakuangalia mashavu ya miguu. Alianza chini. Alichukua unyayo wangu wa kushoto, ule mtupu, akauweka mapajani mwake. Akavifinya vidole kimoja kimoja, akavuta ngozi ya juu ya unyayo kwa kucha zake, akaniinamia kifundoni.

"Baba yangu alikuwa na matende," alisema. "Mguu wa kulia. Miaka kumi na mmoja nilimwosha mguu ule asubuhi na jioni, nikimkausha katikati ya vidole, nikimpaka mafuta, kwa sababu kaka zangu waliona kinyaa. Unyayo wake ulikuwa kama gogo, vidole vimezama. Ngozi ngumu, ya magamba." Aliupapasa unyayo wangu. "Matende yangepita, yangeanzia hapa. Humu hayajapita."

Nyayo zangu. Nilizitumia kumficha Swafwan miguu yangu, na leo ndizo zilizokuwa zikinitetea.

"Wifi yangu aliona unene akapiga kelele," akaendelea. "Na hata yangekuwa matende, baba yangu alikuwa mtu, na alioa, na nikazaliwa." Mkono wake ukapanda juu kidogo. "Hapa panauma?"

"Ukibonyeza, mama."

Akauondoa mara moja. Kisha akaninyooshea kidole usoni. "Lakini umetudanganya. Cherehani! Mwanangu amepigana kwa sababu ya cherehani. Mguu huu siulaumu. Ulimi wako naulaumu."

"Nisamehe, mama."

"Kesho, ukishaolewa, utamwomba msamaha mwenyewe, na umwombe vizuri. Na hizo soksi zako uzianike mbele, siyo nyuma ya nyumba. Mtu asiniulize zinafichiwa nini." Alilisukuma begi mpaka ukutani, akafungua zipu. "Sumaiya, hina imeharibika?"

"Bado, Bi Hafswa."

"Mpake. Mpaka magotini. Na mkono uwe mwepesi, unauma mguu huo."

Sumaiya alianza mguu wa kushoto. Koni ilikuwa baridi ilipovuka kifundo. Nilifumba macho nikingoja moyo utulie, na haukutulia. Aibu haiondoki kwa siku moja kama mgeni aliyekwisha kula. Nilikuwa bado naisikia, nami nimekaa, na maua yananipanda mahali ambapo sikuwahi kufikiri yangefika.

Alipomaliza mguu wa pili, jua lilikuwa limelala. Koni ilikuwa bado na hina kidogo. Sumaiya akauliza, kwa mazoea tu, kama kuna mwingine.

Nikasikia kitambaa kikisuguana, nikageuka. Mama yangu, aliyesema harufu ya hina haimkubali, alikuwa ameketi ameegemea ukuta, ameinama, anakunja suruali yake ya ndani, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili. Akanyoosha miguu kwenye mkeka, sambamba na yangu.

"Mimi na hina hatukuwahi kugombana," alisema, bila kumtazama yeyote.

Sumaiya alisogea mpaka miguuni kwake. "Nikomee wapi, Bi Ummi?"

Mama alinitazama, akatazama miguu yangu.

"Pale alipokomea mwanangu."